"Sijashtakiwa, hawawezi kunigusa": kuhusu mali kuzuiwa Ireland

Wiki iliyopita imetokea tena. Mteja ameketi mbele yangu hapa Dublin, karatasi za Mahakama Kuu mkononi, na hajazijibu kwa sababu "polisi hawakunishtaki, kesi gani tena?" Maneno hayo yamenichosha, maana huwa nayasikia muda wa kujitetea ukiwa umeshaliwa nusu.

Proceeds of Crime Act, sheria ya Ireland ya mali zitokanazo na uhalifu, ilitungwa mwaka 1996, mwaka uleule mwandishi wa habari Veronica Guerin aliopigwa risasi ndani ya gari lake. Tangu mwanzo ililenga mali. Kesi yake ni ya madai: hapandishwi mtu kizimbani, wala haihitajiki hukumu ya jinai. Kipimo ni mizania ya uwezekano, yaani inatosha jambo lionekane lina uwezekano zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa, kwa hiyo hata aliyeachiwa huru kwenye jinai anaweza kupoteza nyumba. Watu walilipinga hilo hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2001 ikasema sheria ni halali.

Criminal Assets Bureau, yaani CAB, ofisi ya serikali inayofuatilia mali za uhalifu, ikipeleka maombi mahakamani ya kuzuia mali, ofisa mwandamizi wa polisi huapa kwamba anaamini mali imetokana na uhalifu. Jaji akiona imani hiyo ina misingi, ni ushahidi tayari, na sasa mzigo wa kueleza uko kwako. Unaweza kuamriwa utaje mali na vipato vyako kwenye hati ya kiapo. Hapo ndipo gari la euro 30,000 linapowekwa kando ya mshahara wa kusafisha ofisi. Ulilinunua kwa pesa ya upatu? Inawezekana kabisa, nami nakuamini. Lakini jaji anataka daftari la upatu, ujumbe wa simu wa kila mwezi, taarifa ya benki. Ndiyo maana nawasihi hata wasioniuliza: pesa kubwa ipite benki, na risiti usitupe.

"Gari lina jina la mama." Haisaidii. Amri humfuata yeyote anayeshikilia mali, na mama ataulizwa pesa alizitoa wapi. Tafadhali, usimwingize mama yako humo.

"Hiyo ni ya vigogo wa dawa za kulevya." Mwaka 2016 kiwango cha chini cha thamani ya mali inayoweza kuzuiwa kilishushwa kutoka euro 13,000 hadi 5,000. Saa moja ya mkononi inatosha.

"Wamezuia tu, nitasubiri." Usubiri nini? Sheria ya 1996 ilisema amri ikidumu miaka 7, mahakama inaweza kuikabidhi mali serikalini. Na tangu 2005 inaweza kuwa mapema zaidi, wahusika wakiridhia. Muda huo ni wa kuomba amri ibadilishwe au iondolewe, na kuomba jaji aachie fedha za matumizi na za wakili.

Yule mteja wa wiki iliyopita, hati yake ya kiapo tumeiwasilisha Ijumaa. Daftari la upatu la dada yake limo, kurasa zote.