"Ni Joto Tu": Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Kuhusu Sukari

Mimi nakaa meza ya kwanza pale wagonjwa wanapoingilia, upande huu wa Kisauni, Mombasa, kazi yangu ni kuuliza unaumwa wapi, kupima presha na uzito, na kutoboa vidole. Kila kaskazi ikianza, Disemba hivi mpaka Machi, napata watu wa aina moja wenye jibu moja. Mbona wanywa maji hivyo mama? Ah, si joto hili. Na usiku unaamka kukojoa? Si yale maji nilokunywa. Na mwili mbona umepungua? Joto, hata chakula hakipandi. Basi nimechoka na hili joto. Nimeamua kuyaandika maswali watu wanayoniuliza wakishakaa, myasome mkiwa kwenu, kabla hamjaletwa na tuktuk mmelazwa kiti cha nyuma.

Sukari ni ugonjwa gani hasa?

Ni sukari kujaa kwenye damu ikashindwa kuingia mwilini kufanya kazi. Kinachoifungulia mlango ni insulini, inatoka kwenye kongosho. Kuna ambao hawana insulini kabisa, wengi wao huanza wakiwa watoto au vijana, na kuna ambao insulini wanayo lakini mwili hauisikii vizuri na kidogo kidogo inapungua, hawa ndo wengi. Inatosha, twende kwenye dalili manake hapo ndo watu wanapoangamia.

Lakini kiu na kukojoa si kawaida kwa joto la Mombasa?

Hapana. Joto linakutoa jasho. Ukitoka jasho sana maji yanaishia kwenye ngozi, mkojo unapungua na rangi inakolea, muulize mbeba magunia yeyote wa soko la Kongowea saa nane mchana amekojoa mara ngapi tangu asubuhi. Sukari ni kinyume chake. Ikizidi kwenye damu figo zinashindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo na inavuta maji iende nayo, kwa hivyo unakojoa mwingi, mweupe kama maji ya bomba, halafu ndo kiu inakuja nyuma. Wewe unadhani unakojoa kwa sababu unakunywa, kumbe unakunywa kwa sababu unakojoa.

Kwa hivyo ukiona unamaliza jagi na bado koo kavu, na usiku unaamka mara tatu nne na feni iko juu inazunguka, hilo si joto. Nasema tena, si joto. Nenda katobolewe kidole.

Na kinachoniudhi zaidi ni vile watu wanavyoizima hiyo kiu. Soda baridi, juisi ya miwa, ukwaju uliotiwa sukari mpaka unanata. Soda ya nusu lita peke yake ina sukari vijiko kumi vya chai na kupita, sasa wewe mwenye kiu ya sukari unakunywa tatu kwa siku, si unamwagia moto mafuta. Ndo mtu anafika kwangu mashine inaandika HI tu, haina hata namba ya kunipa, yaani sukari imepita pale inapoweza kusoma.

Dalili zingine ni zipi?

Kupungua uzito na huku unakula, tena kwa njaa. Kuchoka choka bila kazi. Macho kuona ukungu, leo afadhali kesho vibaya, watu wanakimbilia kubadilisha miwani. Ganzi au kuwaka moto nyayoni usiku. Vidonda visivyokauka, majipu yanayorudi. Na ile ambayo watu wanaona haya kuisema, fangasi na miwasho sehemu za siri inayorudi kila ukimaliza dawa, kwa akina mama hasa lakini hata wanaume. Ukinunua tyubu ya tatu ya fangasi duka la dawa hebu muombe akupime na sukari papo hapo.

Mkojo wangu hauendewi na sisimizi, si basi sina?

Wallahi hili swali nikilipwa shilingi kila nikiulizwa ningekuwa na nyumba Nyali. Sikilizeni. Figo zinaanza kuachilia sukari kwenye mkojo sukari ya damu ikipita kama 10 hivi, kwa ile namba ya mashine (mmol/L). Lakini kwa kipimo cha asubuhi hujala, ugonjwa tunauhesabu kuanzia 7. Mtu mwenye 8 au 9 ana sukari kamili, inamla macho na figo na mishipa ya miguu polepole, na mkojo wake sisimizi hata hawauangalii. Anaweza kukaa hivyo miaka. Na halafu wewe unaingia choo cha kuflashi unamwaga maji, hao sisimizi watauona saa ngapi?

Sisimizi si kipimo, kuonja si kipimo, na kipimo cha mkojo chenyewe kikisema hakuna kitu bado hakikuondolei kupimwa damu. Sukari inapimwa kwa damu. Kwa damu tu.

Mimi sisikii chochote, nipime kwa nini?

Kwa sababu ile aina ya wengi haipigi hodi. Wengine wanaijua siku ya kwanza wakiwa na kiharusi au daktari wa macho ndo anawaambia. Kama umepita miaka 40 hivi, au una kitambi, au una presha, au babako, mamako, ndugu yako anayo, au ulipata sukari ukiwa mjamzito, au ulizaa mtoto wa kilo nne kwenda juu, wewe usingoje dalili. Mjamzito naye ajue kuna sukari ya ujauzito ambayo mara nyingi haina dalili yoyote, kwa hivyo kliniki usiruke.

Wanapimaje na namba zinasemaje?

Tone la damu kidoleni, dakika haiishi jibu limetoka. Dispensari wanayo mashine, maduka mengi ya dawa wanayo, na mara nyingi haifiki hata bei ya sahani ya biriani, kwa hivyo usiniambie pesa. Ile ya asubuhi unakuja hujala masaa manane, maji matupu ruhusa. Chini ya 6.1 uko sawa. Kati ya 6.1 na 6.9 uko mlangoni, hapo ndo pa kukata soda, kupunguza mahamri na kutembea, bado unaweza kurudi. 7 kwenda juu ni sukari. Ukipimwa wakati wowote umekula hujala, ikija 11.1 au zaidi na dalili unazo, ni sukari. Kama huna dalili tutarudia siku nyingine ili tuhakikishe, sasa usichukue hiyo nafasi ya kurudia ukapotea nayo mwaka mzima. Na mashine ya kidole ni ya kukamata, ya kuthibitisha utaambiwa utoe damu ya mkononi iende maabara.

Nikiacha sukari siku mbili kabla ya kupima?

Nawajua. Wiki nzima kaimati na haluwa, kesho kliniki leo mtu anashindia tango. Kuna kipimo kinaitwa HbA1c kinaonyesha sukari yako ya miezi mitatu hivi nyuma, hicho kinahesabiwa kwa asilimia, 6.5 kwenda juu umeshikwa, na hicho hakijali ulikula nini jana. Halafu unamdanganya nani, mguu ni wangu au wako?

Mzee ana kidonda cha mguu hakiponi, wanasema amekanyaga kitu.

Hapa ndo naomba mnisikilize kuliko pote. Kila mwezi napokea mguu umefungwa kitambaa, harufu imetangulia mlangoni, na nikiuliza ulianza lini naambiwa wiki sita. Wiki sita zote ilikuwa kuzunguka kwa waganga, sijui amekanyaga uchawi, sijui ametegwa, na nyumbani wanamkanda na maji moto ya chumvi. Mguu wenye ganzi hausikii moto, kwa hivyo mnamchoma juu ya kidonda bila yeye kujua. Nimewahi kutoa msumari kwenye kanda mbili ya mzee ambaye ametembea nao siku nzima hakusikia kitu.

Kidonda cha mguu kisichofunga ndani ya wiki mbili kinapimwa sukari. Kikiwa cheusi, kinatoa usaha au kinanuka, usingoje hiyo wiki mbili, ni leo, si kesho, si baada ya arusi ya Ijumaa. Kama alikanyaga kitu basi alikanyaga, lakini kidole chake nitakitoboa kwanza halafu mambo mengine mtajua wenyewe huko. Kukatwa mguu mara nyingi kunaanza na hizo wiki za kusubiri.

Na mtoto je, mtoto anaweza kupata?

Anaweza, na wa mtoto unakwenda mbio. Mtoto alokuwa ameshaacha kukojoa kitandani ameanza tena, anakunywa maji kama ngamia, anakonda. Ukichelewa anaanza kutapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, mdomo unanuka kama matunda yaloiva sana, analala lala. Watu wanasema malaria, wanampa dawa siku tatu. Huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane na mko Likoni mnangoja feri, na ukifika sema kwa mdomo wako, mpimeni sukari.

Nijaribu mlonge na habasoda kwanza?

Habasoda yako sina ugomvi nayo, itie kwenye mkate ule. Ninachokataa ni hilo neno kwanza. Kwanza ni kupima. Na ukishapewa dawa, usiziache kwa sababu jirani kakuuzia chupa ya kitu cha kijani.

Kutobolewa kidole Ramadhani kunafunguza?

Wanazuoni wengi wamesema tone la kidole halifunguzi, kwa hivyo hiyo sababu imetoka. Na kama tayari unameza dawa za sukari au unajidunga insulini, uje kuniona wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama tupange dozi, usije siku ya kumi na tano unatetemeka jasho linakutoka kwenye safu ya tarawehe unasema ni joto.