Chunjua ya unyayo na mafuta ya ganda la korosho

Jamani msimu wa korosho ukianza tu huku Mtwara najua wagonjwa gani wanakuja, mtu anaingia anachechemea, unyayo umebabuka mweusi, ukimuuliza anakwambia alikua na chunjua akapakwa mafuta ya ganda la korosho ing'oke. Na wazo lenyewe wala sio la kijinga, yale mafuta yana asidi ambayo kikemia ni ndugu wa karibu wa salisiliki, dawa hiyohiyo tunayowaandikia sisi, ila ya korosho haina kipimo, inaunguza mpaka ngozi nzima ya pembeni na wengine inawatoa malengelenge ya aleji.

Kwanza hakikisha ni chunjua kweli. Sugu inauma ukiikandamiza kwa juu, chunjua inauma zaidi ukiibana pembeni kwa vidole viwili, na ukiikwangua unaona vidoa vyeusi, watu wanaita mizizi wanachokonoa na wembe, kumbe ni vimishipa vya damu vilivyoganda. Kinacholeta ni kirusi cha HPV, kimepita kwenye mchubuko, sa ukichokonoa unakisambaza mwenyewe.

Dawa ni salisiliki ya asilimia 15 mpaka 40. Yale mafuta ya Whitfield ya fangasi yana 3 tu, hapo unajichelewesha. Usiku loweka mguu maji ya uvuguvugu kama dakika 5 hivi, sugua ile ngozi nyeupe iliyokufa na jiwe la miguu (liwe la kwako peke yako), ukiona pinki acha usifike kwenye damu, kausha, zungushia Vaseline pembeni, weka tone la dawa juu ya chunjua tu, likikauka funika na plasta. Kesho tena. Ikiwaka sana pumzisha siku mbili. Wengi wanaosema chunjua yao haisikii dawa waliacha wiki ya tatu, wakati hii kitu inataka hadi wiki 12, ikigoma hapo ndo uje tuongelee kuigandisha kwa naitrojeni ya maji, ile yenye baridi kali.

Mwenye kisukari, au miguu ina ganzi kwa sababu yoyote ile, asijaribu nyumbani kabisa, maana ataungua na hatasikia. Watoto nyingi zinapotea zenyewe ndani ya miaka miwili, kama haimuumi mwache acheze.

Duka la dawa ulizia kwa asilimia, kichupa kisichoandikwa asilimia kirudishe.