Windows 10 imeisha muda, laptop yako haijafa

Tangu Microsoft waache kuisapoti Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, hapa Lamu maneno yamekuwa mengi, na mengine yanamtoa mtu pesa bure.

DHANA: Mashine itazima, haitawaka tena.
UKWELI: Itawaka vizuri tu. Faili zako zipo, printa inaprinti. Kilichokwisha ni apdeti za usalama zilizokuwa zikija zenyewe bure kila mwezi, na msaada wa Microsoft, basi. Ukiambiwa hapo Langoni uuze laptop yako kwa bei ya kutupa "kwa sababu imeexpaya", shika laptop yako uende zako.

DHANA: Madhali inafanya kazi, hakuna hatari.
UKWELI: Hapa sasa ndipo penye kazi. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka, yaani apdeti za kuziba matundu ya usalama, na wezi nao wanavichungulia wajue tundu lilikuwa wapi, halafu wanatafuta mashine ambazo hazijazibwa. WannaCry ya Mei 2017, virusi iliyofunga faili za watu na kudai pesa, ilipitia tundu ambalo kiraka chake kilitoka Machi, yaani miezi miwili nzima watu wamekaa tu, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi za wagonjwa. Jahazi lisilotiwa kalafati huelea pia, ila usipakie mali ya watu. Na nyinyi wenye saiba ndio nawasema hasa, maana kompyuta moja asubuhi mpaka jioni watu wanaingiza pasiwadi za eCitizen na KRA, mwingine hata kulogauti hajui.

DHANA: Antivirasi inatosha.
UKWELI: Haitoshi. Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, itapata apdeti kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini kazi yake ni kumkamata mwizi, tundu haizibi.

DHANA: Dawa ni kununua mpya tu.
UKWELI: Tulia kwanza. Kama ni mashine yako ya nyumbani na iko vashoni 22H2 (ya mwisho ya Windows 10), ingia Settings, Windows Update, ujiandikishe upate apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, bure ukikubali kusink settings na akaunti ya Microsoft, la sivyo ni dola 30. Biashara bei yao ni nyingine, dola 61 kila mashine kwa mwaka wa kwanza.

Ukitaka kuhamia Windows 11, inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa prosesa za Intel ni jenereshoni ya 8 kwenda juu, ndio maana hizi laptop za mtumba za ex-UK nyingi zinakataliwa. Lakini wakati mwingine TPM ipo, imezimwa tu kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka! Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, utaona kama inafanya kazi; ikisema haipatikani, angalia kwanza kwenye BIOS.

Ikigoma kabisa, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. RAM ya GB 4 inatosha, na unaijaribu kutoka kwenye flashi kabla hujafuta chochote. eCitizen inafunguka kwenye Firefox kama kawaida. Ila anayetumia QuickBooks ya kuinstoli, ile programu ya hesabu za biashara, asikurupuke, huko haiingii kirahisi, na kabla ya yote kopi picha na faili zako kwenye hadi diski ya nje.