Amplifaya za roki: yanayosemwa na yaliyotokea

Wengi wanaamini amplifaya ya Marshall ni kazi ya mtaalamu wa elektroniki aliyekusudia kubuni mlio wa roki. Jim Marshall alikuwa mpiga dramu na mwalimu wa dramu. Alifungua duka lake Hanwell, magharibi mwa London, mwaka 1960, na wapiga gitaa waliokuwa wakipita pale, akina Pete Townshend na Ritchie Blackmore, ndio waliomweleza aina ya amplifaya waliyoikosa. Fundi wake Ken Bran, pamoja na kijana Dudley Craven, wakafuata saketi ya Fender Bassman ya Marekani, wakatengeneza JTM45, amplifaya ya kwanza ya Marshall, mwaka 1962. Sasa tazama: Bassman ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi! Ukoo mzima wa Marshall umetokana na amplifaya ya besi, jambo ambalo wapiga solo wengi hawalijui.

Wanaolijua nao hukimbilia kusema Marshall ni nakala tupu. Si haki. Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 ndani ya kasha lililo wazi nyuma. Marshall alitumia spika nne za inchi 12, za kampuni ya Celestion, katika kasha lililozibwa, na valvu (taa ya kioo inayokuza sauti) ya kwanza kwenye njia ya sauti ilikuwa na nguvu zaidi. Ndiyo maana mlio wake ulikuwa mzito na ulianza kukwaruza mapema.

Na huo mkwaruzo haukuwa lengo la watengenezaji wa mwanzo. Leo Fender, mwanzilishi wa Fender, alitafuta sauti safi. Everett Hull wa Ampeg, kampuni nyingine ya amplifaya ya Marekani, mpiga besi mwenyewe, hakutaka kabisa kusikia sauti ikikwaruza. Sifa hapa ni za wanamuziki, waliofungulia sauti hadi mwisho. Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks, alifika mahali pa kuchana koni ya spika yake kwa wembe, na mlio huo ukasikika duniani kote mwaka 1964.

Kuhusu wati, yaani nguvu ya amplifaya, kosa la wengi ni la hesabu. Wati 100 hazitoi sauti mara mbili ya wati 50. Zinaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, nguvu inabidi izidishwe takriban mara kumi. Hata hivyo Townshend na John Entwistle, mpiga gitaa na mpiga besi wa bendi ya The Who, walimdai Marshall hizo wati 100 mwaka 1965, kwa kuwa kumbi zilikuwa zinakua. Townshend alitaka pia kasha moja lenye spika nane. Wabebaji wakalalamikia uzito, likagawanywa mawili yanayopandishwa moja juu ya jingine, na mnara huo ndio tunaouona jukwaani hadi leo.

Besi ndiyo inayokula nguvu zaidi, maana noti za chini husukuma hewa nyingi. Amplifaya ya besi ya Ampeg SVT ya mwaka 1969 ilikuwa na wati 300 za valvu, na The Rolling Stones waliitumia katika ziara yao ya Marekani mwaka huohuo.