Karafuu ya Zanzibar haitoki pale unapoonyeshwa

Wageni wengi wanaotembezwa kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kindichi, Unguja, huondoka wakiamini wameona chimbuko la karafuu za Zanzibar. Hapana. Sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi hutoka Pemba, na imekuwa hivyo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Mti wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Huku ulistawishwa karne ya 19, kwa jasho la watumwa, jambo ambalo kila mtembeza wageni angepaswa kulisema waziwazi.

Mashamba ya matembezi yana mchanganyiko: mdalasini hapa, hiliki pale, mlangilangi kando ya njia. Ni mahali pazuri pa kujifunzia, nami napapenda. Lakini ukitaka kuiona kazi yenyewe, vuka bahari msimu wa mavuno. Utakuta wachumaji juu ya miti mirefu, wakikata vishada kabla vichomozo havijachanua, maana karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Likichanua, thamani inashuka. Jioni watu wa nyumba nzima hukaa wakichambua, karafuu huku, makonyo (vijiti vya vishada) kule. Kisha huanikwa juani siku kadhaa, na wingu likitanda kila mtu hukimbilia majamvi. Zikikauka, hupelekwa kuuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC.