Je, wajua kwa nini dereva akikanyaga breki, indiketa za tela ndizo huwaka?

Ni usiku, uko kwenye barabara ya Morogoro nyuma ya semitela. Dereva anakanyaga breki. Badala ya taa mbili nyekundu kuwaka kwa nguvu, unaona indiketa zote mbili zinawaka kinyonge, na taa ndogo za nyuma zinafifia. Akiwasha indiketa ya kushoto ndiyo kabisa, tela zima linacheza kama ukumbi wa harusi. Utasikia watu wakisema fundi kachanganya waya. Mara nyingi fundi wa watu hana kosa. Kuna waya mmoja uliokatika au ulioliwa na kutu, nao ni ule ambao hauwashi taa yoyote.

Fungua plagi ya kawaida ya tela la volti 24, ile ya pini saba, utakuta nyaya za rangi tofauti. Njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni indiketa ya kulia. Nyekundu ni breki. Nyeusi ni taa ndogo za kushoto, kahawia ni za kulia, zimetenganishwa ili upande mmoja ukipiga shoti usizime na wa pili. Bluu huachiwa kazi za ziada. Nyeupe, iliyo kwenye pini namba 1, ni ethi, yaani njia ya kurudishia umeme.

Hesabu tena. Kila taa ina njia yake ya kwenda, lakini zote zinarudi kwa njia moja. Umeme unaotoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri, la sivyo haupiti kabisa. Taa za nyuma ya tela zimefungwa kwenye chesi, chesi imeungwa na waya mweupe, na waya mweupe unaingia kwenye plagi kurudi kwenye kichwa cha lori. Chukua breki mbili za wati 21 kila moja, indiketa moja ya wati 21, na taa ndogo kumi za wati 5. Jumla ni wati 113. Kwa volti 24 hiyo ni karibu ampia 5 zinazopita kwenye pini moja, wakati waya wa breki peke yake unabeba chini ya ampia 2. Ndiyo maana pini ya ethi huchoka kabla ya wenzake.

Sasa waya mweupe ukikatika, umeme haukubali kukaa. Unatafuta mlango mwingine. Dereva anakanyaga breki, umeme unapita kwenye glopu ya breki, unafika kwenye chesi ya tela na kukuta njia imefungwa. Lakini kwenye chesi hiyohiyo zimefungwa indiketa, na waya wa indiketa unarudi hadi kwenye kichwa, ambako kuna glopu za indiketa zenye ethi nzima. Basi umeme unapanda kinyumenyume: unaingia indiketa ya tela kwa mlango wa nyuma, unatoka kwenye waya wa njano au kijani, unapita kwenye glopu ya mbele ya kichwa, ndipo unafika nyumbani. Njiani umevuka glopu tatu mfululizo badala ya moja, na volti 24 zimegawanywa. Kila taa inapata kiporo.

Kinachonifurahisha zaidi ni glopu yenye nyuzi mbili, ile ya 21/5, uzi mnene wa breki na mwembamba wa taa ndogo ndani ya kioo kimoja. Nyuzi zote mbili zinarudi kwenye kitako kimoja. Ethi ikipotea mchana, taa ndogo zikiwa zimezimwa, umeme wa breki hushuka kwenye uzi mnene na kupanda kwenye mwembamba. Uzi wa wati 5 una ukinzani wa karibu mara nne ya ule wa wati 21, na glopu zikiwa mfululizo, yenye ukinzani mkubwa ndiyo inayokula volti nyingi. Kwa hiyo unakanyaga breki, uzi wa breki unabaki mweusi, na taa ndogo ndiyo inayong'aa. Mtu asiyejua anabadilisha glopu tatu nne na tatizo liko palepale.

Kuna dalili nyingine ambayo madereva wanaifahamu vizuri: taa zinawaka kwenye kona, barabara ikinyooka zinazimika. Hapo ethi ya plagi imekufa, na tela linaishi kwa kuazima. Chuma cha tela kinagusa ile sahani kubwa ya kichwa inayolibeba, na umeme unapita hapo. Lakini sahani imejaa grisi. Tela likijipinda au likiruka tuta, chuma kinapata chuma na taa zinarudi. Likitulia, grisi inaingia katikati na giza linarudi pia. Ukiona hivyo, usihangaike na taa za nyuma. Nenda kwenye plagi.

Jinsi ya kuhakikisha? Chukua kipande cha waya mnene, unga chesi ya kichwa na chesi ya tela moja kwa moja, kisha mwambie utingo akanyage breki. Taa zikikaa sawa, umemaliza uchunguzi kwa dakika mbili: ni ethi. Zisipokaa sawa, azima tela la jirani kwenye foleni, hapo Tunduma au Malaba hutakosa, ulichomeke kwenye kichwa chako. La jirani likiwaka vizuri, ugonjwa uko kwenye tela lako. Likisumbua pia, tafuta kwenye soketi ya kichwa au kwenye ule waya uliojikunja kama springi, hasa pale unapoingilia plagi, maana hapo ndipo unapokunjwa kila siku.

Mita ya kidijitali inadanganya hapa. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 24, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Uwekee waya huo mzigo wa glopu ya wati 21, volti zinaporomoka. Mimi naiamini testa ya glopu kuliko mita ya bei mbaya. Ukitaka kutumia mita, washa taa zote kwanza, weka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri ya kichwa na nyekundu kwenye kitako cha taa ya tela. Ikisoma karibu na sifuri, ethi ni nzima. Ikisoma volti kadhaa, umeshamkamata mwizi.

Dawa yenyewe ni ya kawaida: msasa mwembamba kuondoa ule ukijani wa shaba (Mombasa, Tanga na Dar chumvi ya bahari inaharakisha), bisibisi ndogo kutanua pini zilizopasuliwa katikati ili zibane tena, na kifuniko cha soketi kiwe na springi inayofunga kweli. Kuweka waya mnene badala ya fyuzi hakutibu kitu hapa. Ethi iliyokatika haiunguzi fyuzi, na siku waya ukipiga shoti kweli, hakutakuwa na cha kuukata kabla haujawaka moto.

Kwa aliye Marekani na ameunga karavani ya kulala kwenye pikapu yake, mtego ni mwingine. Huko breki na indiketa za karavani kwa kawaida hutumia uzi mmoja wa glopu, na kuna mazoea mawili ya rangi. Kwenye matela ya kawaida kijani ni indiketa ya kulia na kahawia ni taa ndogo; kwenye karavani nyingi kijani ni taa ndogo na kahawia ni kulia. Ukiunga kijani kwa kijani na kahawia kwa kahawia, unawasha taa za usiku na indiketa ya kulia inawaka moja kwa moja bila kukonyeza. Fuata nafasi ya pini na testa, rangi ziache. Nyeupe haijabadilika: bado ni ethi.

Na ukishatengeneza, usijaribu taa mojamoja. Washa taa ndogo, indiketa na breki kwa pamoja, kisha zunguka nyuma uangalie. Ethi dhaifu inaweza kuibeba taa moja vizuri kabisa mbele ya fundi mchana, halafu ikazidiwa saa mbili usiku kwenye mteremko wa Kitonga.