Maji Kuonekana Hadi Chini Si Kipimo cha Usafi

Kila kiangazi joto linapopanda hapa katika jimbo la Michigan, Marekani, watu wa jumuiya yetu hunipigia simu kuniuliza ni hifadhi gani ya jimbo inayofaa kwenda kuogelea na watoto, na baadhi yao hunijibia swali hilo kabla sijafungua kinywa: waende pale ambapo maji yanaonekana hadi chini. Safari hii aliyeniambia hivyo ni mzee wa Grand Rapids aliyekulia Uvira, kandokando ya Ziwa Tanganyika. "Mwanangu," alisema kwa upole, "maji machafu hujulikana kwa macho." Umri wake ulinizuia kubishana. Lakini mimi kazi yangu ni kupima maji ya kuogelea, na kauli hiyo nimeishiwa na uvumilivu nayo.

Tuanze na Ziwa Michigan lenyewe, ambalo watu hulisifu kwa weupe wa maji yake wanapofika Ludington au Holland. Weupe huo kwa sehemu kubwa ni dalili ya ugonjwa. Mnamo 1988 kome wadogo wenye milia, waliosafirishwa katika maji ya matangi ya meli kutoka Ulaya, waligunduliwa katika Ziwa St. Clair, na baada ya muda wao na jamaa zao waitwao kwaga walienea katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na katika mamia ya maziwa madogo. Kome hao huchuja maji usiku na mchana na kula viumbe vidogo ambavyo samaki wachanga walipaswa kuvila. Maji yakishachujwa, mwanga wa jua hufika chini zaidi, na pale chini huota mwani wa nyuzinyuzi uitwao kladofora, ambao hukatika, husukumwa ufukweni na mawimbi, na kuozea hapo. Ndani ya marundo hayo bakteria wa kinyesi huishi kwa muda mrefu, wakiwa wamekingwa na jua. Kwa hiyo inawezekana kabisa kusimama katika maji yanayokuonyesha kucha za vidole vyako vya miguu huku hatua chache kando yako pana lundo la mwani ninalolijua kwa harufu kabla ya kulipima.

Kuna lingine baya zaidi. Kome hula mwani wa kawaida lakini huutema ule wenye sumu, hasa aina ya Microcystis, na hivyo huuachia nafasi. Huu ndio unaoyafanya maji yafanane na rangi ya kijani iliyomwagwa, na kwa hakika ni bakteria, ingawa tumezoea kuuita mwani. Mnamo Agosti 2014 sumu yake iliingia katika maji ya mabomba ya jiji la Toledo, Ohio, na wakazi wapatao 400,000 wakakatazwa kuyanywa. Kuyachemsha hakukusaidia, kwa sababu sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Ndugu zetu wa Kisumu wanaufahamu mwani huo katika Ghuba ya Winam. Mkiuona, msiingie, na mbwa msimwachie anywe. Hapo sina la kuongeza.

Sasa turudi kwenye maji ya rangi ya chai, ambayo wengi huyakimbia. Katika Hifadhi ya Jimbo ya Tahquamenon Falls, kwenye rasi ya kaskazini, maporomoko ya juu yana upana wa mita 60 hivi, na maji yake ni ya kahawia kutoka kingo hadi kingo. Nimewahi kumsikia baba akiwaambia wanawe kwamba hayo ni majitaka ya kiwanda. Si kweli. Rangi hiyo ni tanini inayotoka kwenye miti ya mierezi na misonobari iliyo katika vinamasi ambamo mto hupita, na ni tanini zilezile zinazoipa chai ukali wake.

Msinielewe vibaya: sisemi kwamba kahawia ni salama. Kuna kahawia ya pili, ya udongo, kama ile ya Ziwa Macatawa lililo nyuma ya Hifadhi ya Holland, ambako mvua huyaleta matope ya mashamba pamoja na mbolea yake. Njia ya kuzitofautisha ni rahisi: chota maji katika chupa angavu, uyatazame dhidi ya mwanga. Ya tanini yana rangi lakini hupitisha mwanga chupani, na ukiyaacha usiku kucha hayabadiliki. Ya udongo ni mazito, na kufikia asubuhi matope yametua chini. Lakini hata ya tanini yana lake: yakiwa na kina yanauzuia mwanga wa jua ambao kwa kawaida huua bakteria, na mtoto akizama ndani yake huwezi kumwona. Rangi haithibitishi usafi wala uchafu.

Kinachothibitisha, kwa kadiri yake, ni sampuli. Tunaingia hadi kiunoni, tunazamisha chupa tasa kiasi cha sentimita 30, tunapeleka maabara, tunachanganya na unga wa kemikali, tunamimina katika trei yenye vishimo 97, kisha trei inakaa katika joto la nyuzi 35 kwa muda wa saa 18 hadi 24. Vishimo vyenye bakteria wa kinyesi waitwao E. coli hugeuka kuwa vya njano na kung'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno. Tunavihesabu, na jedwali linatupa idadi.

Hapa ndipo simu za hasira huanza. Kiwango cha Michigan kwa siku moja ni bakteria 300 katika mililita 100, lakini si wastani wa kawaida unaotumika, bali wastani wa kijiometri wa sampuli zisizopungua tatu. Chukua ufuo uliotoa 20, 40 na 2,000. Ukijumlisha na kugawanya kwa tatu unapata karibu 687, na ufuo unafungwa. Ukizidisha zote tatu na kutafuta kipeuo cha tatu, unapata 117, na ufuo unabaki wazi. Watu wakiiona ile 2,000 wanasema tunaficha. Hatufichi. Bakteria hawajasambaa sawasawa majini. Kinyesi cha shakwe mmoja kilichopita karibu na chupa kinaweza kuipandisha sampuli moja hadi juu kabisa, na hesabu hii imebuniwa ili tone moja lisiufunge ufuo mzima. Nakiri hata hivyo kwamba huwa sina amani ninapotia saini tarakimu kama hizo, kwa sababu huenda ile 2,000 si ya shakwe bali ni ya bomba la choo lililopasuka, na trei yangu haiwezi kuniambia tofauti.

Kuna doa kubwa zaidi ambalo mabango hayalitaji. Jibu hutoka kesho yake. Bango la "ufuo umefungwa" unalolikuta Jumanne mara nyingi linasimulia habari za Jumatatu, na uhusiano wa tarakimu za siku mbili zinazofuatana si wa kutegemewa. Vipimo vya vinasaba vinaweza kutoa jibu siku hiyohiyo, lakini si kila mahali vinapotumika. Tena hata "salama" haimaanishi sifuri: vigezo vya kitaifa vya 2012 vinakubali kwamba watu 36 hivi kati ya waogeleaji 1,000 wanaweza kuugua tumbo. Ndiyo maana kanuni ninayoiamini kuliko trei zangu ni mvua: ikinyesha kubwa, subirini siku moja, na mbili ni bora.

Bendera nazo zimekuwa balaa. Bendera ya kijani ufukweni inahusu mawimbi tu. Haisemi chochote kuhusu bakteria. Bendera nyekundu mbili zinamaanisha kuingia majini ni marufuku. Na fukwe za hifadhi za jimbo hapa Michigan hazina waokoaji, kwa hiyo vaeni maboya.

Mara nyingi naulizwa pia kuhusu kichocho, hasa na waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria. Kichocho cha binadamu hakiambukizwi hapa. Lakini katika Ziwa Higgins, ambalo lina hifadhi mbili za jimbo na linasifiwa kuwa miongoni mwa maziwa yenye maji maangavu kabisa Michigan, wapo binamu wa vimelea vya kichocho: wanatoka kwa konokono, wanamtafuta bata, wanakosea na kuingia katika ngozi ya mtu, kisha wanafia hapo. Huacha vipele na mwasho wa siku kadhaa, basi. Jifuteni kwa taulo mara mtokapo majini, msingoje jua liwakaushe.

Mchanga nao mara nyingi una bakteria wengi kuliko maji yaliyo mbele yake, nasi kwa kawaida hatuupimi, kwa kuwa hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kuulinganisha nacho. Mtoto aliyechimba mashimo ufukweni tangu asubuhi bila kutia mguu majini anawe mikono kwa sabuni kabla hajapewa sambusa.